Nataka kuanza kuruka kwa parachuti: nitajuaje kama upepo wa leo unanifaa?

Msomaji wetu wa Chumbageni, Tanga, anauliza: "Shikamoo mwalimu. Nina umri wa miaka 27. Mwaka jana nilikwenda Diani nikaona watu wakiruka kutoka kwenye ndege na kutua ufukweni, na tangu siku ile nimetamani kujifunza. Kinachonitia hofu ni upepo. Hapa Tanga unavuma karibu kila siku, na nikifungua programu ya hali ya hewa kwenye simu naona namba tu: leo kilomita 18 kwa saa, kesho 24. Ni namba ipi iliyo salama kwa anayeanza, na nianzie wapi? Nina likizo ya wiki mbili mwezi wa Julai na ningependa kuitumia kwa jambo hili."

Marahaba, mwanangu. Nianze na namba uliyoiomba, maana ipo. Chama cha warukaji wa parachuti cha Marekani, USPA, kimeweka kikomo cha maili 14 kwa saa kwa mwanafunzi anayeendesha parachuti peke yake, yaani kama kilomita 22 kwa saa, au noti 12 kwa hesabu ya mabaharia na marubani. Upepo wa ardhini ukipita hapo, mwanafunzi anabaki chini. Kwa kipimo hicho, siku yako ya 18 imo ndani ya kikomo na siku yako ya 24 iko nje. Hata hivyo nisingekutendea haki kama ningeishia hapo, kwa sababu ziko siku za 18 ambazo nisingempandisha mwanafunzi ndegeni hata angenisihi. Namba uliyoiona kwenye simu ni wastani, na anayeumia wakati wa kutua mara nyingi huumizwa na mabadiliko ya upepo: mabadiliko ya sekunde hadi sekunde, ya urefu hadi urefu, ya upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, na ya saa moja hadi inayofuata. Nitayaeleza hayo kwa kirefu, lakini kwanza nimalize habari ya kuanza, ambayo ni fupi.

Njia za kuingia katika mchezo huu ni tatu. Ya kwanza ni kuruka ukiwa umefungwa kifuani mwa mkufunzi, nyote wawili chini ya parachuti moja kubwa; mnatoka ndegeni katika urefu wa mita 3,000 hadi 4,000, mnaanguka kwa muda wa nusu dakika hadi kama dakika moja, kwa kutegemea urefu huo, kwa kasi inayokaribia kilomita 200 kwa saa, parachuti inafunguliwa kwenye mita 1,500 hivi, na dakika kadhaa zinazobaki ni za kuelea. Ya pili ni ile ya zamani ya kamba iliyofungwa ndegeni, ambayo huifungua parachuti yako mara tu unapotoka, kwa kawaida kwenye mita 1,000 au zaidi kidogo. Ya tatu ni mafunzo ya kuanguka huru, ambamo wakufunzi wawili wanaruka pamoja nawe wakiwa wamekushika huku na huku tangu mruko wa kwanza, lakini parachuti unaifungua mwenyewe na kuiendesha mwenyewe mpaka ardhini. Njia hii ya tatu ina hatua saba au nane, na leseni ya kwanza ya USPA, ile ya daraja A, inadai miruko isiyopungua 25.

Ningekushauri uruke mara moja na mkufunzi kwanza, kisha uingie katika njia ya tatu. Katika mruko huo wa kwanza mwombe mkufunzi akuonyeshe, mkiwa bado juu, upepo unatokea wapi na kwa nini anauzunguka uwanja kwa namna anayouzunguka. Maelezo hayo, yakitolewa huku uwanja wenyewe ukiuona chini ya miguu yako, yatakusaidia kuliko picha zote za darasani. Kabla hujalipa chochote, uliza kama wakufunzi wana leseni hai na za chama gani, kama kila mwanafunzi anabebeshwa parachuti ya akiba iliyokaguliwa, na kama mzigo wake una kifaa kinachoifungua parachuti hiyo chenyewe endapo mrukaji amefika chini bila kufungua. Mtu atakayekasirishwa na maswali hayo si wa kukufundisha. Ukifikiria kuruka hapa hapa nchini, uliza pia kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Na kwa kuwa watu wengi wa mwambao wetu huzamia kwa mitungi ya hewa, ongeza hili: ukitoka kuzamia, acha zipite angalau saa 24 kabla ya kupanda ndege ya kurukia, kwa sababu gesi iliyobaki mwilini inaweza kufanya mapovu unapopanda juu haraka, na madhara yake ni makubwa.

Sasa tuje kwenye upepo. Ili uelewe kwa nini kikomo cha mwanafunzi kiko chini hivyo, ni lazima ujue parachuti yako inakwenda vipi. Haiko kama ule mwavuli wa duara wa askari wa zamani. Ni bawa pana la kitambaa lenye vyumba vinavyojaa hewa, na bawa la mwanafunzi husonga mbele kwa kasi ya kama kilomita 35 kwa saa huku likishuka mita nne hadi tano kila sekunde. Ukiuelekea upepo wa kilomita 15 kwa saa, ardhi inapita chini yako kwa kilomita 20 tu, na utaweza kutua kwa miguu yako. Ukiupa mgongo upepo ule ule, ardhi inapita kwa kilomita 50. Upepo ukifika 35 na wewe umeuelekea, utasimama hewani kama uliyening'inizwa. Ukizidi hapo, utarudi kinyumenyume ukielekea mahali usipopaona. Tena nguvu ya upepo kwenye kitambaa haipandi sambamba na kasi yake: kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Ndiyo sababu mwanafunzi aliyetua vizuri kabisa katika upepo wa 30 anaweza kuburutwa uwanjani na parachuti yake, ilhali katika upepo wa 15 angeikunja taratibu. Ikikutokea, vuta ndani kamba moja ya usukani mpaka bawa liporomoke, kisha kimbia kulizunguka ufike upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, ili lisiweze kujaa tena.

Mabadiliko ya kwanza ninayotaka uyajue ni mivumo ya ghafla. Upepo wa 18 unaovuma 18 muda wote ni rafiki wa mwanafunzi. Upepo wa wastani wa 18 ambao unashuka hadi 8 kisha unapiga 30 kwa sekunde chache ni kitu kingine kabisa, kwa sababu bawa lako linaruka kwa kutegemea hewa inayoliingia kwa mbele, na hewa hiyo ikipungua ghafla ukiwa mita kumi kutoka ardhini, bawa linazama kabla hujapata nafasi ya kufanya lolote. Hapo ndipo programu ya simu inapokuangusha. Hesabu zake hulichukua eneo la kilomita nyingi kama kitu kimoja, hutoa upepo wa urefu wa mita 10 kutoka ardhini, na hazijui kitu kuhusu uwanja wako. Hata taarifa rasmi za viwanja vya ndege zinahitaji kusomwa kwa uangalifu: kwa kanuni za kimataifa, mvumo wa ghafla hutajwa pale tu unapoupita wastani kwa noti 10 au zaidi, karibu kilomita 19 kwa saa. Taarifa inayosema noti 10 bila kutaja mivumo inaweza kuwa imeficha mvumo wa noti 18, na huo tayari ni mkali kuliko anaoruhusiwa mwanafunzi.

Kwa hiyo jizoeze kuusoma upepo kwa macho, na zoezi hilo unaweza kulianza leo ukiwa Tanga, miezi mingi kabla ya kuiona ndege. Chagua mahali palipo wazi penye bendera, ukae nusu saa, usitazame kitu kingine. Hesabu sekunde bendera inazokaa imenyooka na sekunde inazolala. Upepo wa kilomita 12 hadi 19 hutikisa majani na vijiti vidogo bila kukoma na hukunjua bendera nyepesi; kuanzia 20 hadi 28 vumbi na karatasi huinuka barabarani na matawi madogo yanaanza kuyumba. Baharini, katika upepo wa kwanza utaona povu jeupe hapa na pale juu ya mawimbi. Katika wa pili povu limetapakaa kila upande. Kwa maneno mengine, siku ambayo vumbi linakuingia machoni ukivuka barabara, na bahari mbele ya Raskazone imejaa weupe, mwanafunzi hana kazi angani. Viwanja vya kurukia huwa na mfuko mrefu wa kitambaa juu ya mlingoti, na aina inayotumika sana kwenye viwanja vya ndege hunyooka kabisa upepo unapofika noti 15, yaani kilomita 28. Ukiukuta mfuko huo umenyooka, kikomo chako kimeshapita. Lakini tazama zaidi ya unyofu wake: mfuko unaopanda na kushuka, au unaogeuka huku na huku kama unaotafuta mahali pa kuelekea, unakuonya hata kama kipimo cha ofisini kinasoma kilomita 14.

Mabadiliko ya pili ni ya urefu. Karibu na ardhi upepo hupunguzwa kasi na miti, nyumba na ardhi yenyewe, hivyo juu huwa mkali kuliko unavyousikia shavuni. Tuseme parachuti yako imekaa sawa kwenye mita 900 na unashuka mita tano kwa sekunde: una dakika tatu mpaka ardhini. Kama upepo wa njiani ni wastani wa kilomita 25 kwa saa, na wewe unazunguka tu bila kuupinga, utasukumwa mita 1,250 kabla ya kutua. Kwa sababu hiyo mnatoka ndegeni mkiwa upande wa joshini, upande upepo unakotokea, na kukaa upande huo wa uwanja mpaka mita 300 hivi, ambapo mpango wa kutua unaanza: kwanza unakwenda na upepo pembeni mwa uwanja, kwenye mita 180 unakata kuvuka, na kwenye mita 90 unageuka kuuelekea upepo na kubaki hivyo mpaka chini. Mkufunzi atakuchorea mpango huo kabla ya kupanda. Uwe unaweza kumrudishia wewe mwenyewe kwa mdomo, na utaje ni alama gani ya ardhini utakuwa juu yake katika kila urefu.

Kwetu pwani jambo hili lina uzito wa pekee. Kusi na kaskazi, zikiungana na upepo wa baharini wa mchana, zote hukusukuma kuelekea bara. Umande, ule upepo mwepesi unaotoka bara alfajiri, hukusukuma kuelekea baharini. Mwanafunzi anaweza kuamka saa kumi na mbili asubuhi akaona utulivu mtupu, kilomita 8 tu kwa saa, akafurahi. Naye akitolewa mahali pasipofaa, upepo huo mpole utampeleka taratibu juu ya maji. Bagamoyo angeweza kuishia kwenye mikoko. USPA inataka mwanafunzi anayeruka peke yake avae kifaa cha kuelea majini pale ambapo mahali pa kutoka, pa kufungua au pa kutua pako ndani ya maili moja, yaani kilomita 1.6, kutoka maji ya wazi. Ukienda kujifunzia ufukweni, dai kifaa hicho hata kama hujasikia kikitajwa, na ujue kuogelea. Kisha kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande unapokufa na upepo wa baharini kuingia, tabaka la chini linaweza kuvuma upande mmoja na la juu upande mwingine, kwa hiyo unaanza mpango wako wa kutua ukiamini upepo unatoka kusini na kumbe mfuko wa uwanjani umekwisha geuka. Utazame mfuko tena ukiwa mita 300. Usitegemee ulichokiona kabla ya kupanda.

Mabadiliko ya tatu ni ya mahali, na hayo ndiyo wageni wa pwani huyadharau. Hewa inayopita juu ya kizuizi huvurugika nyuma yake kama maji ya mto yanavyozunguka nyuma ya jiwe, na vurugu hiyo hufika umbali wa mara 10 hadi 20 ya urefu wa kizuizi, kwa kutegemea ukali wa upepo. Safu ya minazi yenye mita 20 inaharibu hewa kwa mita 200 hadi 400 upande wake wa demani. Uwanja mzuri wa nyasi uliozungukwa na minazi unaweza kuwa salama kabisa asubuhi na mtego ifikapo alasiri, ilhali hakuna mti uliohama. Kwa hiyo ukifika uwanjani usiulize kasi ya upepo tu. Uliza unatokea wapi, kisha geuka utazame kuna nini upande huo: jengo, miti, kilima. Nikitaja ardhi ya Tanga, nakuomba pia uyatazame mashamba ya mkonge kwa macho ya mtu aliye juu. Kutoka mita 600 yanaonekana kama uwanja mpana uliopangwa kwa mistari, wa kukaribisha, na kila jani lina mwiba mgumu kwenye ncha. Ukilazimika kutua nje ya uwanja, tafuta shamba lililovunwa au nyasi, na uwe umelichagua kabla hujashuka chini ya mita 300.

Mabadiliko ya nne ni ya saa na majira. Mchana ardhi ikishika joto, hewa huinuka kwa mafungu na kuacha nyingine ishuke, na upepo wa baharini hukazana kuanzia saa nne hivi hadi kufikia kilele karibu na saa tisa alasiri. Kwa hiyo saa za mwanafunzi ni asubuhi, baada ya umande kutulia, na jioni kabla ya jua kuzama. Wakati wa masika na vuli tazama mawingu kabla ya kutazama mfuko. Wingu refu jeusi la mvua ya radi humwaga hewa baridi inayotambaa ardhini kilomita nyingi mbele ya mvua yenyewe, na upepo unaweza kupanda kutoka 10 hadi 50 katika dakika moja huku juu yako kukiwa bado kweupe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili kwa mikoa ya pwani, na Tanga hutajwa mara kwa mara. Siku ya angalizo kama hilo hakuna haja ya kwenda uwanjani hata kuangalia.

Itakuwaje basi upepo ukibadilika wewe ukiwa tayari juu? Hapa nakuomba usome polepole. Majeraha mengi mabaya katika mchezo huu hutokea chini ya parachuti nzima isiyo na hitilafu yoyote, pale mrukaji anapogundua karibu na ardhi kwamba hajauelekea upepo, akavuta kamba moja kwa nguvu ili ageuke. Parachuti inapogeuzwa kwa ukali huinama na kuzama kwa kasi, na ardhi inamkuta kabla haijarudi kukaa sawa. Ukiwa chini ya mita 90, utulivu wa bawa ni muhimu kuliko uelekeo wako. Liache likae sawa bila kuinama, liendee mahali pasipo na kizuizi, vuta kamba zote mbili kwa pamoja ukiwa mita tatu au nne juu ya ardhi, weka miguu na magoti pamoja, kisha jibiringishe. Kutua kwa upepo wa ubavuni, au hata wa mgongoni, kwa mpangilio huo mara nyingi kutakuchubua na kukuchafua nguo tu. Kugeuka ghafla chini kunavunja nyonga na uti wa mgongo, na kumeua watu wenye uzoefu mkubwa.

Jambo jingine litakalokusumbua uwanjani ni kuona wenzako wakipanda ndege wewe umeambiwa ukae. Waliofungwa na mkufunzi, na wenye leseni na miruko mingi, huruhusiwa katika upepo ambao mwanafunzi haruhusiwi, na ni haki, kwa sababu anayeliendesha bawa amekwisha kutua katika hali hiyo mara nyingi. Usimwombe mkufunzi akulegezee. Mwulize mapema, kabla ya kulipa, kama ada ya mruko ulioahirishwa kwa upepo inasogezwa mbele au inapotea; kituo kinachoirudisha au kuihamisha kimewaondolea wanafunzi wake shinikizo la kuruka kwa kuogopa hasara. Panga fedha za malazi kwa siku za kungoja pia, kwa sababu zitakuwepo.

Limebaki suala la Julai, na hapa nakusihi uibadilishe likizo ukiweza. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi iko katika nguvu zake kwenye mwambao wote, wa kwetu na wa Diani, na utaziona fukwe zimejaa wachezaji wa kite, wanaoteleza majini wakivutwa na tiara, ambao siku yao nzuri ndiyo siku yako ya kukaa chini. Katika wiki mbili unaweza kupata asubuhi chache tu za mwanafunzi, na hatua saba zikiachwa wazi katikati kwa siku nyingi huanza kusahaulika. Oktoba, kusi ikiwa imelegea na mvua za vuli hazijashika, itakufaa zaidi. Na kama ofisi yako haiachii Oktoba, jaribu nusu ya kwanza ya Machi, kaskazi inapochoka na kabla ya masika. Ikiwa Julai haibadiliki kabisa, vuka mpaka wa Horohoro uende Diani, Kenya, kwa ajili ya ule mruko mmoja wa kufungwa na mkufunzi, utumie siku zilizobaki kukaa uwanjani ukiutazama mfuko wa upepo na wanaotua, na mafunzo yenyewe uyawekee nafasi ya baadaye.